Abiria Anayeshukia Chini ya Kilima

Kila siku jua likianza kulegea, Prayun alirudisha pikapu yake kinyumenyume hadi kwenye gati la ziwa, akashusha mlango wa nyuma na kupakia samaki. Kreti za sato na kambare alizipanga mbele, karibu na kibini, akazimwagia barafu iliyopondwa, akazifunika kwa turubai na kulikaza kwa kamba ya mpira. Sehemu ya nyuma aliiacha tupu. Kisha aliwasha injini, akawasha na sigara, akangoja marehemu wa Huai Phueng wapande.

Walitoka majini bila vurugu. Bibi Bunma alitangulia kama kawaida yake, shavu moja limetuna tambuu, nguo yake ya kiunoni ikichuruzika. Mwalimu Wan alifuata, viatu mkononi. Nyuma yao walikuja mpiga ngoma wa hekaluni na wake wawili wa mwuza nguruwe, ambao enzi za uhai wao hawakuwahi kusalimiana na sasa walishikana mikono ili wasiteleze. Kila mmoja alipopanda, springi zililalamika na gari likashuka kidogo, kwa sababu mtu aliyekaa majini muda mrefu hunywa maji mengi. Prayun aliwaangalia kwenye kioo cha pembeni ili asije akaondoka na mguu wa mtu uko chini.

Wa mwisho siku zote alikuwa baba yake, Mzee Sai. Aliunganisha viganja kifuani, akamwinamia mwanawe, akamwinamia na Bibi Bunma, akasema, "Samahani kwa usumbufu," ndipo akakaa ukingoni kabisa, miguu inaning'inia nje, asije akambana mtu.

Pikapu mpya za barabara ile hazikuwabeba. Zilikuwa na vioo vyeusi na muziki mkubwa, na madereva wake hawakuwa na mazoea ya kumsimamishia gari mtu anayepunga mkono kando ya njia. Ilibaki hii Isuzu ya bluu, ambayo Mzee Sai mwenyewe aliinunua mwaka ambao mihogo ilikubali. Marehemu walikuwa wakiijua kwa mlio. Manifoldi yake, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba, kilipasuka zamani, na kupitia ufa huo gari lilikuwa likipiga mluzi wa pole, tsi-tsi-tsi, unaosikika hadi chini ya maji.

Kijiji chao kilikuwa huko chini. Mzee Sai ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wakati watu wa bwawa walipokuja na ramani zao, wakaketi kwenye baraza yake na kumwambia kwamba kila nyumba itakayohamia kilimani itapata bomba la maji, bure, mlangoni. Aliwaamini, maana alikuwa mtu ambaye akisema kitu hukifanya, na mtu wa namna hiyo hudhani wenzake wote wako hivyo. Akapita nyumba kwa nyumba kuwashawishi majirani waweke dole gumba. Wakaweka. Homa ikamchukua kabla ya kuhama; wakamchoma, mifupa yake ikawekwa kwenye kijumba cha saruji kando ya ukuta wa hekalu, pamoja na mifupa ya wengine wote. Malori yalihamisha walio hai na mbao za nyumba zao. Yale ya kuhamisha mifupa yaliahidiwa kuja wiki inayofuata. Yalitangulia maji kuja.

Wenyewe husema ahadi ni deni. Kuna madeni ambayo anayedai huzeeka na anayedaiwa hupanda cheo.

Kwa hiyo safari ya jioni ilikuwa hivi. Gari lilitambaa kutoka ziwani hadi penye jiwe jeupe la barabara, mahali kilima kinapoanza. Hapo Prayun aliweka gia ya kwanza. Injini ilikohoa moshi mweusi, gari likapanda hatua chache, likaanza kutetemeka na kuomba kusimama. Na hapo ndipo Mzee Sai alipogonga ubavu wa gari mara mbili kwa kiganja.

"Endesha tu, mwanangu," alisema akishuka. "Nimekwisha fika."

Hakuwa amefika popote. Lakini gari likiwa limepungukiwa uzito wake lilijikongoja hadi juu, na wenzake wakafika kwa jamaa zao, wakala harufu ya chakula cha jioni, wakasikiliza habari za wajukuu, na alfajiri wakarudi nalo lilipopita ziwani kupeleka samaki sokoni. Marehemu hawawezi kutembea mbali na maji kwa miguu yao wenyewe. Mzee Sai alisimama penye jiwe mpaka taa nyekundu za nyuma zikapotea, kisha akarudi ziwani.

Watu wa nchi ile wana haya ya kumlemea mwenzao, na wengine huzaliwa nayo kupita kiasi. Prayun alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akiendesha gari hilohilo likiwa jipya, mikono yote miwili kwenye usukani, gia ya pili tu mpaka mjini, kwa kuogopa kuwatimulia vumbi watembeao kwa miguu. Kijiji kizima kilikuwa kimejazana nyuma kwenda kwenye tamasha la hekalu, akina mama na vikapu vya wali wa kunata, wakiimba, na ng'ombe wa watu wakiwapita. Alipenda sana kukumbuka siku zile.

Juu kilimani, Mama Khamphan, mkewe Mzee Sai, alikuwa akisikia tsi-tsi-tsi mbali, anaweka kikapu cha wali kwenye mvuke. Kila jioni aliandaa sahani tatu. Kila jioni mwanawe aliingia peke yake.

"Kashuka tena?"

"Kashuka tena, mama."

"Miaka yote alikuwa hivyohivyo. Hata siku ya harusi yetu aliomba msamaha kwa wapishi." Akaifunika sahani ya tatu.

Prayun alikuwa amemwomba mara nyingi ashuke naye hadi ziwani amwone mumewe hukohuko. Hakutaka. Siku maji yalipofunika palipokuwa jiko lake aliapa kwamba hatayatazama tena, na alikuwa mwanamke wa kiapo. Lakini mwaka ule macho yake yalianza kuingia ukungu na miguu ikaanza kuvimba, na jioni moja, bila kuulizwa, akasema maneno yaliyomkosesha Prayun usingizi.

"Nikifa mtanichomea huku juu, na mifupa yangu mtaiweka huku juu. Yeye yuko chini. Sasa, Yun, sisi tutaonana wapi?"

Kesho yake, baada ya kupeleka samaki sokoni, Prayun hakurudi nyumbani. Alipitiliza hadi gereji ya Kop.

Kop alikuwa fundi wa vijana wa mashindano. Uwanja wake ulijaa pikapu zilizoinamishwa pua, zenye mabomba ya moshi mapana kama ndoo, na siku za Jumapili anga ya upande ule ilikuwa nyeusi kwa ajili yake. Jina lake maana yake ni chura. Mama yake alimpa kwa sababu alizaliwa usiku wa mvua. Aliizunguka Isuzu ya bluu polepole, mikono nyuma.

"Kaka Yun, hii si ya gereji. Hii ni ya makumbusho."

"Makumbusho hawana spana."

"Haya. Unataka ikimbie au ivute?"

"Ivute. Kilima chetu, nikiwa nimejaza."

"Umejaza nini?"

"Samaki na barafu. Na wazee wa kijiji cha zamani."

Kop akajikuna shingo. "Wengi?"

"Wanaongezeka. Siku hizi hata wale wa ng'ambo ya kijito wanakuja."

"Unaona sasa. Wangekuwa hai ningekukadiria hapahapa. Lakini marehemu wa majini, kaka, ni wazito, tusidanganyane. Bibi yangu alipanda pikipiki yangu mara moja tu, rimu ikapinda."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Na mzee wako bado anashukia penye jiwe?"

"Bado."

Kop hakutania tena. Alifungua boneti, akawasha tochi, akaingiza mkono, akashika kijiti cha katikati cha turbo na kukitikisa. Kililegea kama jino la mtoto. Turbo ile ilitoka kwenye injini ya mitumba, ikafungwa na fundi ambaye sasa naye alikuwa marehemu. Kazi yake ni nyepesi kueleza: moshi unaotoka huzungusha pangaboi dogo, pangaboi husukuma hewa kuingia, na injini inayopata hewa nyingi hupata nguvu nyingi. Lakini moshi wa gari hili ulikuwa ukivuja kwenye ufa wa manifoldi kabla haujafanya kazi yoyote, na hicho kidogo kilichofika kilikuta pangaboi limechoka.

"Nifungie ile," Prayun alisema, akionyesha turbo moja iliyokuwa rafuni, kubwa kama tikiti.

"Ile ni ya vijana. Ile inalala mpaka injini ipige makelele ndiyo iamke, na wewe penye jiwe uko gia ya kwanza, injini inanong'ona. Itakuwa bado inaota. Nakufungia ndogo, koo jembamba, inaamka mapema kama mwuza mboga. Na manifoldi nakutengenezea mwenyewe."

Kabla ya kugusa nati yoyote walimwomba ruhusa Bibi wa Gari, yule mlinzi ambaye kila chombo cha nchi ile kinaye. Prayun alibadilisha shada la asumini kwenye kioo cha mbele. Kop alifungua chupa ya soda nyekundu, akatia mrija, akaiweka juu ya dashibodi na kuunganisha viganja vyake vyenye grisi. "Bibi, utuwie radhi. Tunakufungua kifua." Soda ikashuka mpaka nusu. Kop akachukua spana.

Boliti za manifoldi zilikuwa zimegandana na chuma kwa miaka ya moto na mvua. Kop alizipulizia moto wa gesi mpaka zikawa nyekundu, akazimwagia mafuta, akazibembeleza mbele na nyuma, na hata hivyo moja ilikatikia ndani ikabidi itobolewe kwa dreli. Manifoldi ya zamani ilipotoka, Prayun aliipokea mapajani. Ilikuwa nzito, chafu, na ule ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Masizi yaliyodondoka humo yalinukia mabua ya mpunga yanayochomwa, na samaki wa kuchachushwa, na mafuta ya nazi ya nywele ambayo siku hizi hayauzwi tena. Alikaa nayo pale mpaka Kop alipomwambia akanywe supu ya tambi kwa jirani, maana anazuia mwanga.

Manifoldi mpya Kop aliikunja kwa mabomba ya chuma, moja kwa kila tundu la injini, yote ya urefu mmoja, akayachomelea taratibu huku akibana pumzi. Aliyafunga kwa kitambaa cha kuzuia joto, maana moshi ukipoa njiani hufika mvivu. Akafunga turbo ndogo, akabadilisha mrija wa oili, akaongeza dizeli kidogo kwenye skrubu ya pampu. Akatia na klachi mpya.

"Nguvu bila klachi," alisema, "ni kampeni ya ubunge."

Kisha akaziba bomba, akamwagia maji ya sabuni kwenye kila mshono wa manifoldi, akapuliza hewa. Hakuna povu lililotoka. Alitazama kazi ile kwa muda mrefu, na alikuwa na furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Jioni ile Prayun alipakia samaki, akafunga turubai, akawasha injini. Ilinguruma kwa utulivu, nzima, bila kuvuja. Akawasha sigara. Sigara ikaisha. Akawasha nyingine.

Marehemu walikuwa wamejitokeza hadi kiunoni. Walisimama majini wakielekeza masikio. Bibi Bunma aliitazama ile rangi ya bluu, akatikisa kichwa, akamnong'oneza Mwalimu Wan. Gari walikuwa wakiliona, lakini watu wa Huai Phueng hawakuwahi kupanda gari wasilolijua kwa mlio. Katika siku za mwisho za kijiji, malori mengi yalikuja yakiwa na sura nzuri.

"Ni mimi," Prayun aliita. "Yun, wa Mzee Sai."

Baba yake alimwinamia kwa adabu, kama mtu anavyomwinamia mgeni aliyekosea njia, akazama pamoja na wenzake.

Gari lilipanda kilima kana kwamba hakuna kilima. Prayun hakulifurahia hata kidogo. Alilia kidogo penye jiwe, akajifuta kwa karatasi iliyofungiwa shada la asumini. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa gizani barazani, moto haujawashwa.

"Umenunua gari la nani?"

"Ni lilelile, mama."

"Sikusikia kitu. Nikajua leo hakuna anayekuja."

Kesho yake Kop alisikiliza habari hiyo akiwa ameketi juu ya tairi, na kadiri ilivyoendelea uso wake ulizidi kukunjamana.

"Ngoja nielewe. Nimechomelea siku nzima, nimepima kwa povu, haivuji hata pumzi ya mbu. Sasa unataka niitoboe."

"Kidogo tu. Ipige mluzi."

"Kaka Yun, bora unitukanie mama yangu."

"Wamezoea mluzi, mdogo wangu. Nami sina namna nyingine ya kuwaita."

"Ikivuja, penye jiwe nguvu itapungua. Utarudi palepale. Mzee atashuka."

Jirani aliwaletea chai ya barafu. Kop aliinywa yote, akatafuna na barafu, halafu akasimama na kwenda kuchungulia ndani ya boneti kwa muda ambao chai ya Prayun ilipata moto wa jua.

"Chuma kikipata joto kinafanyaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Kinatanuka."

"Basi." Akachukua spana ndogo. Alilegeza nati za tundu la kwanza kwa kiasi cha unene wa kucha, akaweka chini yake gasketi aliyoikwangua upande mmoja, akawasha. Tsi-tsi-tsi, gari likasema. Wakaliacha lingurume huku Kop akikanyaga mafuta. Manifoldi ilipokolea moto, chuma kilijivuta, kikabana, na mluzi ukafifia mpaka ukanyamaza wenyewe. "Gatini ikiwa baridi, itawaita. Kilimani ikipata moto, itafunga mdomo ifanye kazi. Na usimwambie mtu kwamba ni mimi."

Gari lilipopiga mluzi gatini, Bibi Bunma alitoka majini kabla Prayun hajapata kiberiti. Walipanda wote, na wa ng'ambo ya kijito wakapanda, na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemjua akaomba nafasi akapewa. Springi zililala kabisa. Mzee Sai alijishikiza ukingoni kwa kalio moja.

"Samahani kwa usumbufu," alisema.

"Hakuna usumbufu, baba. Jishike."

Penye jiwe jeupe Prayun aliweka gia ya kwanza. Mluzi ulikuwa umekwisha kunyamaza. Katika kioo alimwona baba yake akiinua kiganja ili agonge ubavu wa gari, na wakati huohuo turbo ndogo ikaamka. Kulikuwa na sauti nyembamba kama ya maji yanayokaribia kuchemka, gari likakaza kiuno, barabara ikaanza kuwajia. Bibi Bunma alimeza tambuu lake. Wake wa mwuza nguruwe walipiga makofi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa mara ya kwanza gari lile liliubeba mzigo wa wenzake kama usufi kweli. Kiganja cha Mzee Sai kilikuwa bado kiko hewani walipofika juu. Alikitazama, akaona aibu kukirudisha bure, akakigeuza kuwa salamu kwa watu waliokuwa kando ya njia.

Mama Khamphan alikuwa ameshaweka wali kwenye mvuke. Alisikia miguu miwili mitupu ikipanda ngazi baada ya ile ya mwanawe, na maji yakidondoka.

"Umechelewa," alisema.

"Gari lilikuwa zito."

"Miaka yote hii?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini, wewe mtu?"

Mzee Sai aliangalia huku na huku barazani, akatabasamu kama mtu aliyengoja kwa hamu kuona kitu. "Ngoja kwanza ninawe miguu nisikuchafulie sakafu. Bomba liko wapi?"

Prayun alijishughulisha na kufungua kamba ya kreti ambayo ilikuwa imekwisha funguliwa.

"Mtungi uko hapo," mama akasema.

Ulikuwa mtungi mkubwa wa saruji, kimo cha kifua, kama iliyoko mbele ya kila nyumba kule. Mzee Sai alichukua kata ya kifuu, akainama, akateka. Kata iligonga chini, ikatoa sauti ya mlango wa nyumba isiyo na watu.

"Gari la kuuza maji linakuja kesho," Mama Khamphan akasema. "Likija."

Mzee Sai alibaki ameinama ndani ya mtungi. Kisha alisikia mngurumo nyuma ya nyumba na kwenda kuutazama. Lilikuwa bomba la chuma, la kijani, nene kuliko mtu, lililotoka ziwani, likapita katikati ya Huai Phueng Mpya, likateremka upande wa pili hadi kwenye kiwanda cha sukari na hoteli za mjini. Mzee Sai aliweka kiganja juu yake. Lilikuwa baridi, na maji ya kijijini kwake yalikuwa yakipita ndani mbio. Akalifuata polepole, akilipapasa, nyuma ya nyumba ya jamaa za Bibi Bunma, nyuma ya nyumba ya jamaa za Mwalimu Wan, nyuma ya nyumba zote ambazo wenyewe aliwashawishi waweke dole gumba, akitafuta japo koki moja. Alifika mwisho wa kijiji, akageuka, akalipapasa tena upande wa pili. Majirani waliokuwa wakila walimwona kupitia madirishani na wakaangalia sahani zao, maana hawakutaka kumwaibisha.

Aliporudi alisimama mbele ya mtungi, akavua shati lake, akalikamua.

Maji mengi sana yalitoka katika shati lile. Alikamua mikono, akakamua kola, akalikunja upya na kulikamua tena, akavua na kitambaa cha kiunoni akakikamua kwa heshima akiwa amegeukia gizani. Mtungi ukafika nusu. Mlango wa pili Bibi Bunma, alipoona, akafungua nywele zake na kuzisokota juu ya mtungi wa mjukuu wake. Mpiga ngoma alikamua ngoma. Mpaka wakati wa kulala kijiji kizima kilisikika kama paa siku ya mvua, na hakukuwa na wingu.

Baadaye Mzee Sai alikaa mkekani, akala harufu ya wali wa kunata na samaki, akasifu pilipili. Mama Khamphan alimsogezea kibakuli.

"Nikifa wataniweka huku juu," akasema.

"Najua."

"Utakuwa unakuja?"

"Gari likiwa na nafasi."

"Nafasi ipo. Mtoto katengeneza gari kwa ajili hiyo. Sasa hebu ziache haya zako huko majini."

"Nitajaribu," akasema, na alimaanisha.

Tangu hapo mitungi ya Huai Phueng Mpya imejaa. Maji yake yana harufu kidogo ya tope na maua ya yungiyungi, na yanafaa sana kwa kupikia wali. Watu wamepanda pilipili na bamia kando ya ngazi. Wakati wa kiangazi walikuja mabwana wa ofisi ya maji, vijana wenye adabu, wakafunua mifuniko ya mitungi mmoja baada ya mwingine, wakaridhika. Prayun aliwaeleza bila kuficha kwamba maji hayo huletwa na marehemu kila jioni kwa pikapu. Mkubwa wao aliuliza kama chanzo hicho ni cha kudumu. Kop, ambaye alikuwa amekuja kukaza nati, alimjibu kwamba hajaona watu wa kudumu kuliko hao. Bwana yule alifurahi, akasema ni vizuri wananchi wanapojitegemea, na tawi la bomba lililokuwa limepangwa kwa ajili ya kijiji, baada ya miaka mingi ya kuombwa, likapelekwa kwingine kwenye shida. Hakuna aliyebisha. Mitungi ilikuwa imejaa kweli.

Isuzu bado inapiga mluzi gatini na kunyamaza kilimani. Mzee Sai hupanda wa mwisho na kushuka wa mwisho, huomba radhi kwa kila mtu, kisha huenda moja kwa moja mbele ya mtungi, akavua shati. Mama Khamphan huketi kwenye ngazi karibu naye, macho yake yakiwa yamekwisha kujaa ukungu. Nyuma ya nyumba bomba la kijani linanguruma likielekea mjini. Akisha kukamua kiasi cha kukamua, Mzee Sai husita na kumwuliza mkewe kama mtungi umejaa, maana ukijaa atakuwa hana sababu ya kuwasumbua. Mama Khamphan huyasikia maji yakifurika ukingoni, yakimteremkia hadi vidole vya miguu, na kila jioni humwambia bado.